Mtu wa Nne Kwenye Bango

Mwaka 1965 wataalamu wa madini walitangaza jiwe jipya lililotoka kwenye mgodi wa Musonoi, kando ya mji wa Kolwezi, Katanga, nchini Kongo. Lilikuwa la manjano, lenye urani na seleni ndani yake, nao wakaliita guilleminite kwa heshima ya Jean Claude Guillemin, mtaalamu wa madini wa Ufaransa. Mwaka huohuo likafuata jingine la kijani, demesmaekerite, lililopewa jina la Gaston Demesmaeker, mkuu wa idara ya jiolojia ya kampuni ya madini ya Union Minière. Mwaka 1969 ikaja marthozite, kwa jina la Aimé Marthoz, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni hiyohiyo, na mwaka 1971 derriksite, kwa jina la Jean Derriks, mwanajiolojia wake. Wachimbaji waliokaa kambi ya Musonoi, ambao mikono yao ndiyo iliyoyatoa mawe hayo ardhini, hawakupata hata moja. Anayeandika ripoti ndiye anayebatiza.

Nimeanza na mawe kwa sababu habari ya mwigizaji ninayetaka kuisimulia inatokana na shaba ya huku Katanga, ingawa mwenyewe hakuchimba shaba wala hakuja kuigizia huku. Alikuwa Mmarekani, jina lake Woody Strode. Mwaka 1968, akiwa na miaka 53, alikuwa stelingi wa filamu ndogo ya Kiitaliano iliyomhusu mtu aliyeuawa Katanga miaka saba nyuma. Filamu hiyo ilipofika Marekani iliuzwa pamoja na filamu za kuchuma haraka, zile za bajeti finyu, bango la kushtua na damu nyingi. Wengi wanaomjua Strode wanamjua kwa sura tu. Wameshamwona mahali, hawakumbuki wapi, na jina haliji mdomoni.

Kwanza mauaji yenyewe. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Jambo hilo lisingedumu hata mwezi bila Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, ambayo kodi yake ya shaba na kobalti, pamoja na ile ya mashimo ya Kolwezi, sasa iliingia katika hazina ya Tshombe mjini Elisabethville badala ya mji mkuu wa Kongo, Léopoldville. Kwa fedha hizo Katanga ililipa jeshi, maofisa wa Kibelgiji na askari wa kukodiwa. Kolwezi ilikuwa na uwanja wa ndege wa Kengere, na ndiko Tshombe alikojificha mwisho, mwezi Januari 1963. Wakati huo mamluki wake walikuwa wakitishia kulipua mabwawa ya umeme ya mto Lualaba, kabla hawajakubali yaishe na kukimbilia Angola.

Kati ya mwanzo huo na mwisho huo kuna tarehe 17 Januari 1961. Alasiri ya siku hiyo ndege aina ya DC-4 ilitua Luano, uwanja wa Elisabethville. Ndani walikuwamo Patrice Lumumba, waziri mkuu aliyepinduliwa, mwenye umri wa miaka 35, Maurice Mpolo aliyekuwa waziri wa vijana na michezo, na Joseph Okito, makamu wa rais wa seneti. Walikuwa wamefungwa na walikuwa wamepigwa njia nzima. Wakapelekwa kwenye nyumba iliyojulikana kama villa Brouwez, wakapigwa tena, na mawaziri wa Katanga wakaja kuwaona. Usiku walisafirishwa kwa magari hadi porini, mahali panapoitwa Shilatembo, wakapigwa risasi mmoja baada ya mwingine na askari waliokuwa chini ya maofisa wa Kibelgiji, Tshombe na baadhi ya mawaziri wake wakitazama. Baadaye Gerard Soete, polisi wa Kibelgiji, alifukua maiti, akazikatakata na kuziyeyusha katika asidi ya salfuriki. Dunia iliambiwa mwezi Februari kwamba wafungwa walitoroka wakauawa na wanakijiji. Hakuna aliyeamini, na mauaji yasiyo na kaburi yakawa hadithi inayotafuta picha.

Mmoja wa waliojaribu kuitafutia picha alikuwa Valerio Zurlini, mwongozaji aliyezaliwa Bologna mwaka 1926. Hakuwa mtu wa filamu za bunduki. Alisifika kwa filamu za mapenzi ya huzuni, na mwaka 1962 filamu yake Cronaca familiare ilipata Simba wa Dhahabu mjini Venice, tuzo aliyogawana na Andrei Tarkovsky. Katikati ya miaka ya 1960 watengenezaji wa Italia walipanga filamu moja ya vipande vifupi, kila kipande kimechukua jambo kutoka Injili na kuliweka katika dunia ya sasa. Zurlini alipewa kipande kimoja. Alichagua mateso ya Kristo, akamweka Lumumba mahali pa Kristo. Kipande kikakua, kikazidi mipaka, hadi kikaondolewa katika mkusanyiko na kuwa filamu inayojitegemea: Seduto alla sua destra, yaani aliyeketi kuume kwake. Ule mkusanyiko ulitoka mwaka 1969 kwa jina Amore e rabbia, na nafasi ya Zurlini ikajazwa na Marco Bellocchio.

Hapo ndipo unapoelewa kwa nini filamu hii ni ndogo. Kiini chake ni kipande kilichovutwa. Mahali ni pachache: seli, ofisi ya kamanda, ua wa gereza. Nchi haitajwi. Kiongozi anaitwa Maurice Lalubi, kana kwamba mwandishi amechukua jina la kwanza la Mpolo na kulishonea jingine lenye sauti ya Lumumba. Kamanda Mzungu anachezwa na Jean Servais, Mbelgiji aliyekwisha kujulikana kwa Rififi ya mwaka 1955, uso umechoka, sauti haipandi. Katika seli Lalubi anakutana na Oreste, mwizi wa Kiitaliano aliyepotelea Afrika, anayechezwa na Franco Citti, yule kijana wa mitaani ambaye mwongozaji Pasolini alimfanya maarufu kwa filamu ya Accattone. Kamanda anataka sahihi: Lalubi aweke jina lake kwenye karatasi ya kuwaambia watu wake wasalimu amri. Lalubi hasaini. Filamu nzima ni huko kutosaini, na bei yake.

Sasa tumrudie aliyeibeba.

Woodrow Wilson Woolwine Strode alizaliwa Los Angeles tarehe 25 Julai 1914, katika ukoo wenye damu ya Kiafrika na ya wenyeji wa asili wa Marekani. Alikuwa na urefu wa takribani mita 1.93 na mwili ambao watu walishindwa kuunyamazia. Akiwa kijana alirusha tufe, akaruka juu na kufanya mazoezi ya michezo kumi. Mchoraji Hubert Stowitts alimchora pamoja na wanamichezo wengine wa Marekani kwa ajili ya maonyesho yaliyopelekwa Berlin wakati wa Olimpiki ya 1936. Wanazi waliyafunga, kwa sababu miongoni mwa mashujaa hao walikuwamo Weusi na Wayahudi.

Katika chuo cha UCLA alicheza futiboli ya Kimarekani pamoja na Kenny Washington na Jackie Robinson. Mwaka 1939 timu yao haikufungwa mchezo hata mmoja. Jackie Robinson tunamjua: ndiye aliyevunja ukuta wa rangi katika besiboli mwaka 1947, na jina lake limekuwa la vitabu vya shule. Lakini ukuta wa futiboli ulikuwa umeshavunjwa mwaka mmoja kabla. Ligi kuu ya NFL haikuwa na mchezaji Mweusi tangu 1933. Mwaka 1946 timu ya Rams ilihamia Los Angeles ikitaka kutumia uwanja wa Coliseum, ambao ulikuwa mali ya umma, na waandishi wa magazeti ya Weusi wakauliza hadharani vipi uwanja wa kodi ya wote utumiwe na timu inayobagua. Rams wakamsajili Washington, kisha Strode. Alicheza msimu mmoja, akiwa tayari ana miaka zaidi ya thelathini, wakamwacha. Akaenda Kanada na mwaka 1948 akatwaa kombe la Grey Cup na Calgary Stampeders, timu ambayo msimu ule haikupoteza mchezo. Halafu akaingia ulingoni, mieleka ya kulipwa, mji hadi mji.

Sinema alikuwa ameshaionja. Mwaka 1941 alionekana katika Sundown ya Henry Hathaway, hadithi ya vita inayotokea Kenya ya Waingereza, ambamo alikuwa askari wa kienyeji. Kenya hiyo ilipigwa New Mexico. Ikafuata miaka ya majani na mikuki: misafara ya wawindaji, Bomba, Tarzan. Katika The Ten Commandments ya mwaka 1956 alikuwa mfalme wa Ethiopia, na katika filamu hiyohiyo akatumiwa tena kama mtumwa, maana mwili kama ule haukai bure. Nani katika Afrika ya Mashariki aliyekua na filamu hizo hajawahi kumwona mtu huyo mrefu amesimama nyuma ya Mzungu, kashika mkuki, hana la kusema?

Mwaka 1960 ndio ulikuwa mwaka wake. Katika Spartacus ya Stanley Kubrick alikuwa Draba, mpiganaji Mwethiopia anayelazimishwa kupigana na Kirk Douglas mbele ya wageni wa Kirumi waliokuja kustarehe. Ana wavu na mkuki wa meno matatu. Anamshinda Spartacus, anambana ukutani, ncha za mkuki ziko kooni. Wale wa juu wanaashiria aue. Strode hasemi neno. Anatazama koo lililo mbele yake, anatazama juu, na unaona hesabu ikifanyika usoni. Kisha anaugeuza mkuki, anaurusha kwa wenye viti, na kuanza kuukwea ukuta kuwafuata. Laurence Olivier anamkata shingoni. Filamu inadumu zaidi ya saa tatu na yeye yumo kwa dakika chache, lakini uasi wote unaofuata unatoka kwenye dakika hizo. Waliotoa Golden Globe walimteua katika kundi la waigizaji wasaidizi. Hakupata.

Mwaka huohuo mwongozaji John Ford alimpa Sergeant Rutledge. Ni kesi ya sajenti Mweusi wa kikosi cha farasi anayesingiziwa kubaka na kuua. Kampuni ya filamu ilitaka Sidney Poitier au Harry Belafonte, majina yenye soko, na Ford akakataa. Strode ndiye Rutledge. Filamu ina cheo chake na jina lake kichwani, na hakuna tukio lisilomzunguka. Lakini ukisoma mpangilio wa majina utamkuta Jeffrey Hunter wa kwanza, Constance Towers wa pili, Billie Burke wa tatu. Strode ni wa nne. Mhusika anaitwa kwa sauti katika jina la filamu, na mwigizaji wake anapangwa baada ya wakili, mchumba wa wakili na mke wa hakimu. Sioni mfano bora wa kuonyesha jinsi Hollywood ilivyomthamini mtu huyu. Mwenyewe aliikumbuka kazi hiyo kwa fahari hadi uzeeni, hasa tukio la kuvuka mto Pecos juu ya farasi, jambo ambalo hadi siku hiyo lilikuwa la akina John Wayne.

Ford alimpenda, kwa namna ya Ford, yaani kwa matusi na kazi ndogondogo. Akampa Pompey katika The Man Who Shot Liberty Valance mwaka 1962, mtumishi asiyeruhusiwa kunywa baa moja na bwana wake. Pompey ndiye anayemrushia Wayne bunduki wakati wa risasi iliyobeba hadithi nzima.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 alikuwa amegundua kwamba Italia ilimpa kile ambacho kwao hakukipata: malipo mazuri zaidi na kamera iliyokaa usoni pake. Mwanzo wa Once Upon a Time in the West ya Sergio Leone, ya mwaka 1968, unajulikana. Wauaji watatu wanangoja treni. Tone la maji linadondoka kutoka juu, linaangukia kichwa cha Strode. Anavaa kofia, tone linaendelea kudondoka juu ya kofia, maji yanakusanyika. Hahami. Mwishowe anaivua kofia na kuyanywa. Treni inapoondoka, Charles Bronson anawaua wote watatu.

Ni mtu huyo Zurlini aliyemchukua, na mwaka huohuo wa 1968 akamweka jina la kwanza.

Hapa nitasema wazi ninavyoona. Filamu ina udhaifu wake. Mwongozaji Mkatoliki, au tuseme aliyelelewa katika nchi ya Kikatoliki, anausukuma mfano wa Kristo hadi unapasuka: msaliti analipwa fedha, misumari inagongwa katika mikono ya mfungwa, mwizi yupo pembeni. Lumumba wa kweli alikuwa mwanasiasa mwenye ulimi mkali, aliyeuza bia ya Polar huko Léopoldville kabla ya siasa, aliyegombana, aliyekosea, aliyepanga. Lalubi ni mpole kupita kiasi. Ukiwauliza wazee wa Katanga, hata wale waliokuwa upande wa Tshombe, hakuna atakayekuambia kwamba Lumumba alikuwa mpole.

Lakini mtazame Strode. Filamu za Italia za wakati ule ziliingiziwa sauti studioni baada ya kupigwa, na katika nakala ya Kiitaliano sauti unayoisikia si ya kwake. Kwa hiyo kazi aliyoifanya mbele ya kamera ameifanya kwa mgongo, shingo, mikono na macho. Anapokaa mbele ya kamanda, kiti ni kidogo kwake. Mwili uliotumika miaka ishirini na mitano kubeba mikuki na kuwatisha watoto sasa umekatazwa kufanya chochote, na ndiyo nguvu yenyewe. Mtu anayeweza kuwanyanyua walinzi wake wote wawili anaacha kuwanyanyua. Misumari inapoingia, uso hauendi kwenye kilio cha sinema. Unakunjamana kidogo, unatafuta mahali pa kukaa, unarudi. Katika seli anamsikiliza Oreste akibwabwaja, naye Citti ni fundi wa kubwabwaja, na kusikiliza kule kunamfanya mwizi aanze kuwa mtu. Waigizaji wengi wanajua kusema. Wanaojua kusikiliza mbele ya kamera ni wachache.

Filamu ilichaguliwa kushindania tuzo Cannes mwezi Mei 1968. Mwezi huo Ufaransa ilisimama: wanafunzi barabarani, viwanda vimefungwa, na waongozaji akina Godard na Truffaut wakadai tamasha lisitishwe. Lilifungwa tarehe 19 Mei bila tuzo yoyote. Nafasi pekee ambayo Strode alikuwa nayo ya kutazamwa na waamuzi wa dunia kama mwigizaji mkuu ikapotea pamoja na tamasha lenyewe. Miaka kumi baadaye, siku hiyohiyo ya 19 Mei, askari wa miavuli wa jeshi la kigeni la Ufaransa waliruka juu ya Kolwezi. Tarehe zimegongana tu, ila ni vigumu kutouona mgongano huo.

Kisha ikaja biashara. Mwaka 1971 filamu ilitoka Marekani. Ulikuwa mwaka wa filamu za Sweet Sweetback na Shaft, na wenye majumba ya sinema walikuwa wamegundua kwamba vijana Weusi wa mijini wananunua tiketi. Haraka zikatafutwa filamu zozote zenye shujaa Mweusi, ziwe mpya au za zamani, za nyumbani au za ng'ambo, zikapewa jina la kugonga. Seduto alla sua destra ikawa Black Jesus. Baadaye katika kanda za video ikauzwa pia kama Super Brother. Aliyelipa kiingilio akitarajia ngumi alikutana na saa moja na nusu ya mtu anayekataa kuweka sahihi. Lumumba, ambaye tayari alikuwa amefichwa chini ya jina la Lalubi, akafichwa mara ya pili.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba wazo la Zurlini halikuwa geni kwa watu wa Katanga wenyewe. Kati ya 1973 na 1974, mjini Lubumbashi, ile Elisabethville ya zamani, mchoraji kijana aitwaye Tshibumba Kanda Matulu alimchorea Johannes Fabian, profesa wa anthropolojia, historia ya nchi katika picha 101, akizieleza kwa Kiswahili. Tshibumba alikuwa mchoraji wa mitaani, mmoja wa wale waliochora juu ya magunia ya unga na kuuza kwa bei ambayo mfanyakazi wa Gécamines, kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière, angeweza kuimudu, atundike sebuleni. Katika picha moja Lumumba, Mpolo na Okito wamelala chini wamekufa, damu ya ubavuni mwa Lumumba imeandika neno la umoja kwa Kifaransa, na nyuma yao imesimama misalaba mitatu. Hakuhitaji filamu ya Italia kumfikisha hapo. Yeye na Zurlini waliyasoma maandiko yaleyale, na wote wawili walifanya kazi kwa fedha ndogo. Tofauti ni kwamba Tshibumba aliandika jina la Lumumba lilivyo.

Filamu nyingine kuhusu Kongo hazikuhangaika na Lumumba. Zilipenda mamluki. Mwaka huohuo wa 1968 Jack Cardiff alitoa Dark of the Sun, kutoka kitabu cha Wilbur Smith, yenye treni, almasi na msumeno wa mnyororo. Kongo yake ilipigwa Jamaika. Rafiki Mweusi wa shujaa alikuwa Jim Brown, naye pia mchezaji wa futiboli aliyehamia sinema. Mlango ule ulikuwa umefunguliwa na Washington na Strode mwaka 1946. Mwaka 1978 ikaja The Wild Geese, iliyopigwa Afrika Kusini ya ubaguzi, ambamo Winston Ntshona, mwigizaji mkubwa wa jukwaa aliyeshinda tuzo ya Tony mwaka 1975 pamoja na John Kani, alipewa nafasi ya rais mgonjwa anayebebwa mgongoni.

Kolwezi yenyewe ilipata zamu mwaka 1980. Tarehe 13 Mei 1978 waasi wa FLNC, wengi wao watoto na masalia ya wale askari wa Tshombe waliokimbilia Angola, waliuteka mji. Kabla ya wiki kwisha mamia ya Wakongo na zaidi ya Wazungu mia moja walikuwa wamekufa, na Wafaransa wakaja kwa miavuli. Haukupita hata mwaka wa pili kabla ya Raoul Coutard, aliyekuwa mpiga picha wa Godard, kutoa La légion saute sur Kolwezi. Ilipigwa Guyana ya Ufaransa, ng'ambo ya Atlantiki. Majina makubwa yalikuwa Bruno Cremer, Jacques Perrin, Mimsy Farmer, Giuliano Gemma. Mtu wa Musonoi akiitazama leo atautafuta mtaa wake asiuone, na atawatafuta watu wake awaone wakikimbia. Hata Lumumba ya Raoul Peck, ya mwaka 2000, filamu iliyofanywa kwa uangalifu na heshima, ikiwa na Eriq Ebouaney katika nafasi ya waziri mkuu, ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji. Kwa Kongo ya wakati ule, katikati ya vita, sidhani kama kulikuwa na njia nyingine.

Strode aliendelea kufanya kazi. Hakuchagua sana, na sina neno la kumlaumu. Watu wa umri wake wenye rangi yake hawakuletewa mafungu ya kuchagulia. Mwaka 1972 alikuwa muuaji wa kukodiwa pamoja na Henry Silva katika La mala ordina ya Fernando Di Leo. Mwaka 1976 alishika upinde na banjo katika Keoma ya Enzo Castellari, mlevi mzee anayekumbuka kwamba alipokuwa mtumwa alitamani uhuru, na sasa anao na hajui aufanyie nini. Kwangu mimi hiyo ni kazi yake bora ya miaka hiyo. Mwaka 1977 alikuwa mfugaji ambaye ng'ombe wake wanauawa na buibui katika Kingdom of the Spiders. Filamu hiyo ni ya kuchekesha bila kukusudia, lakini Strode anamwombolezea ndama wake kana kwamba hakuambiwa.

John Ford alipougua, Strode alikuwa miongoni mwa waliokuwa karibu naye hadi kifo chake mwaka 1973. Mwaka 1990 alichapisha kumbukumbu zake, Goal Dust. Mwaka 1993 Mario Van Peebles alimweka katika Posse, filamu kuhusu makauboi Weusi, awe mzee anayeisimulia hadithi yote akiitazama kamera moja kwa moja. Alifariki tarehe 31 Desemba 1994. Kazi yake ya mwisho, The Quick and the Dead, ilitoka mwaka uliofuata ikiwa imetabarukiwa kwake.

Na mwaka huohuo wa 1995, mwezi Novemba, kampuni ya Pixar ilitoa Toy Story, filamu ya kwanza ndefu iliyotengenezwa yote kwa kompyuta. Mhusika mkuu ni mwanasesere kauboi mwenye kofia na nyota ya sherifu, na watengenezaji walimpa jina la Woody kutokana na Woody Strode. Mwanasesere huyo anauzwa hadi leo, na ni mweupe.